Hadithi Tuliyoirekodi Stoo ya Mahindi

Nimestaafu mwaka huu, na walimu vijana wa kata yetu wameniomba niwaandikie namna nilivyofundisha kwa hadithi za kidijitali, yaani watoto wanapotengeneza hadithi fupi kwa picha na sauti zao wenyewe kwenye simu au kishikwambi. Nafikiri walitegemea kurasa mbili zenye malengo mahususi, zana na tathmini. Malengo mahususi nimeyaandika maisha yangu yote na nimeyachoka. Nitaeleza kazi yenyewe ilivyokwenda, na anayetaka kuchuma humo andalio la somo achume.

Naitwa Mwalimu Martina. Ni Mwiraqw wa Endamarariek, na nimefundisha Kiswahili katika shule za msingi tangu nilipotoka chuoni mpaka mgongo ulipoanza kunidai mapumziko. Vyeo sitavizungumzia. Havikuwa vingi, na sikumbuki nilichojifunza kutoka kwa hata kimoja.

Kituo changu cha kwanza kilikuwa Mbulumbulu. Niliripoti katikati ya masika nimevaa viatu vyeupe, na udongo wa kule ukanivua kimoja kabla sijafika ofisini. Mwalimu mkuu, Mzee Qamara, alinikuta nimesimama kwa mguu mmoja nakichomoa. Hakucheka mbele yangu, na kwa hilo nilimpenda siku ileile. Akanipeleka darasa la tatu. Nikawasalimia watoto kwa Kiswahili cha chuoni, kilichonyooka kama rula, nao wakanitazama tu. Nyumbani kwao waliongea Kiiraqw, kama sisi tulivyoongea kwetu, lakini chuoni tulishaambiwa lugha za nyumbani tuziache nje ya darasa. Nikafundisha wiki nzima nikiuliza maswali na kujijibu mwenyewe.

Mzee Qamara alikuwa na redio kaseti ya kurekodia kwaya ya kanisani. Jumatatu iliyofuata aliingia nayo darasani kwangu, akaiweka mezani, akamwambia mtoto mmoja aeleze jinsi walivyopalilia maharage jana yake, kwa lugha yoyote anayotaka. Mtoto akaeleza kwa Kiiraqw. Mzee akarudisha kanda nyuma, akabonyeza, na sauti ya mtoto ikatoka redioni. Darasa likaangua kicheko, likanyamaza, kisha likaomba kusikia tena. Mzee akawaambia kwamba redio imefurahi, ila nayo imesoma shule, sasa inataka kusikia hayohayo kwa Kiswahili. Wakagombania. Kila mmoja alipojisikia alijisahihisha mwenyewe na kuomba arudie, na mimi nimekaa pembeni na cheti changu chote sina la kuongeza.

Huyo ndiye aliyenifundisha kazi. Alikuwa na msimamo mwingine kuhusu watoto wasiosema darasani. Alisema mtoto wa namna hiyo usimuulize swali la pili mbele ya wenzake, kwa sababu la kwanza limeshamtosha. Mpe kitu cha kufanya kwa mikono, kisha mwombe akuoneshe alivyofanya. Nilicheka kimoyomoyo wakati ule, nikidhani ni uvivu wa kizee. Nimetumia njia hiyo mpaka siku ya mwisho kazini.

Baadaye nilihamishiwa Karatu mjini, na huko redio kaseti ikageuka kuwa simu janja. Watoto wa mjini hawakuwa na shida ya kusema. Shida yao ilikuwa kunyamaza. Nusu ya darasa baba zao au wajomba zao walikuwa madereva wa watalii, na nilipowaambia kila kikundi kitengeneze hadithi yake fupi ya picha na sauti, vikundi vyote vilileta simba. Picha za simba zimetolewa mitandaoni, na sauti juu yake inakaribisha wageni: welkam, karibuni kwenye gemu draivu, mkae chini msitoe mikono nje. Nikauliza nani kati yao amewahi kukutana na simba akija shuleni. Hakuna. Nikauliza ni nani ambaye tembo wamewahi kula mahindi ya nyumbani kwao. Mikono ikajaa darasa. Nikapiga simba marufuku muhula mzima.

Muhula ule ndio niliojifunza taratibu ninazowaachia. Mtoto asimulie kwanza kwa mdomo, kisha achore picha zake kwenye karatasi, na simu aishike mwisho kabisa. Ukimpa simu mwanzoni atapiga picha ya kiatu chake mara hamsini. Picha ziwe chache. Sauti irekodiwe na mtoto mwenyewe, asisomewe na mwenzake mwenye Kiswahili kizuri. Na mwalimu asishike kifaa. Hili la mwisho ni gumu kuliko yote, maana vidole vya mwalimu vinawasha.

Nilipoomba kuhamia shule moja ya upande wa Ngorongoro, juu kwenye nyanda za baridi, wenzangu wa Karatu walidhani nimeadhibiwa na naficha. Watu huomba kushuka mjini, hawaombi kupanda. Mimi nilikuwa nimesikia kwamba kule watoto wengi wa Kimasai wanafika darasa la sita hawajawahi kusimama na kusema sentensi nzima ya Kiswahili, nikaikumbuka wiki yangu ya kwanza Mbulumbulu, nikaona kuna kazi ninayoiweza.

Huko nilimkuta Yusufu, mwalimu kijana wa hisabati, mtoto wa mwenye duka wa Karatu. Alikuwa ameacha kaunta ya baba yake kuja kufundisha, na baba yake alikuwa bado hajaelewa kwa nini. Vishikwambi vilipogawiwa walimu, wengi wetu tuliviweka kabatini visichafuke. Yusufu alikitumia chake kutwa nzima. Alikuwa na spika ya kubeba mkononi, pawa benki, waya za kila aina, na programu ya kuunganisha picha na sauti aliyonifundisha kwa uvumilivu ambao sikuutegemea kwa mtu wa rika lake. Tuligawana kazi. Mimi nilishika hadithi, yeye akashika mitambo.

Adui yetu mkubwa alikuwa upepo. Kule juu upepo haukai, na ukirekodi nje unasikia mvumo tu kama lori linapanda mlima. Darasani nako bati linaitikia kila neno. Tulihangaika mpaka Yusufu alipoingia stoo ya chakula kuchukua mahindi ya uji, akapiga chafya, na chafya haikurudi. Magunia yalikuwa yameimeza. Tangu hapo stoo ikawa studio. Mtoto anakaa juu ya gunia la maharage, shuka inaning'inizwa mlangoni, na mpishi anaombwa kwa heshima zote asitwange wakati huo.

Sasa nimfikie Nashipae. Alikuwa darasa la sita, mrefu, msafi, anaandika vizuri, na hasemi. Wenzake walimcheka lafudhi alipokuwa darasa la kwanza, naye akafunga mdomo, na walimu walionitangulia walishazoea kumruka wakiuliza maswali. Sikumuuliza swali la pili. Nilimpa simu ya shule aende nayo nyumbani mwisho wa wiki, nikamwambia aniletee kazi yoyote ya mikono inayofanyika bomani kwao.

Alileta nyumba. Kwa Wamasai wanaojenga nyumba ni wanawake, na koko wake, yaani bibi yake mzaa baba, alikuwa akirudishia ukuta wa nyumba yake kwa samadi na majivu. Nashipae alikuwa amepiga picha za fito zilizopindwa, za mikono ya bibi ikipaka, za bibi mwenyewe akitazama kamera kwa macho ya mtu asiyeona sababu ya kuogopa simu. Na alikuwa amemrekodi. Bibi anaeleza kwa Kimaa, na kila hatua anaanza kwa kujitaja: mimi fulani ndivyo ninavyopinda fito, mimi fulani ndivyo ninavyokanda. Jina lake silitaji hapa, na mtaona sababu. Kisha, stooni, juu ya gunia, Nashipae akatafsiri kwa Kiswahili. Mimi na Yusufu tulikuwa nje ya shuka. Mwaka mzima nilikuwa sijaisikia sauti ya yule mtoto. Ilikuwa nzito kidogo, haina haraka. Nilitoka nikaenda nyuma ya jiko nikalia, na sioni aibu kulisema.

Tulipanga hadithi hiyo iwe ya mwisho kuoneshwa siku ya kikao cha wazazi. Wiki chache kabla ya kikao, tukiwa likizo fupi, bibi alifariki. Mimi nilikuwa Endamarariek, Yusufu alikuwa Karatu, na hakuna aliyetuambia. Siku tuliyofungua shule Nashipae alikuwa bado hajafika. Yusufu, ambaye anapenda kujiandaa mapema, akatoa spika uwanjani kujaribu kama itasikika hadi kwa wazazi watakaokaa nyuma. Akachagua hadithi yenye sauti nzuri kuliko zote, akafungulia hadi mwisho.

Wenye kuwafahamu majirani zangu wa kule wameshaelewa. Siku hizi si kila boma linashika hivyo, lakini kwenye familia ile mtu mzima akishafariki jina lake halitamkwi tena. Atatajwa kwa njia nyingine, kwa watoto wake au kwa jambo alilofanya. Na sasa marehemu alikuwa anajitaja mwenyewe, mara baada ya mara, na sauti ikishuka bondeni kwa upepo uleule tuliokuwa tukiulaani.

Kesho yake baba yake Nashipae alikuja. Alitusalimia vizuri, akakataa kiti, akatuambia mama yake amefariki. Alisema hana ugomvi na shule, lakini mtoto wake atakaa nyumbani. Hakusema mpaka lini. Walimu wote tuliokuwa pale tulijua maana yake, kwa sababu binti wa umri ule akishakaa bomani muhula mmoja, kumrudisha ni kazi kubwa, na mara nyingi kwanza unasikia habari za harusi.

Mwalimu mkuu wetu alitaka apeleke suala kwa mtendaji wa kata, kwa kuwa sheria ipo na mtoto lazima asome. Nilimwomba anipe siku kadhaa. Nilimwambia mtendaji anaweza kumleta Nashipae dawatini, lakini ile sauti hataileta. Akanijibu kwamba mimi na hadithi zangu ndio tulioanzisha, basi twende tukamalize.

Tukaenda mimi na Yusufu.  Bomani watoto wadogo walitusalimu kwa kuinamisha vichwa tuwaguse, mama yake Nashipae akatuletea chai ya maziwa, na baba mtu akatusikiliza mpaka mwisho. Yusufu alisema ni yeye aliyewasha, hakujua kama kuna msiba, anaomba radhi, na yuko tayari kufuta kila kitu palepale.

"Ungejua wapi," baba akamjibu. Hakuwa na hasira, na hilo lilinitisha zaidi. Kisha akanigeukia. "Mwalimu, mama yangu tulishamsindikiza. Jina lake tumelifunga. Mimi niko na ng'ombe, nasikia anasema kutoka shuleni. Nilisimama mpaka ng'ombe wakanipita."

 Nilimwambia nasikitika. Yusufu akatoa simu ya shule, ambamo hadithi yote ilikuwamo. Nilikuwa najua kinachokwenda kufutwa: sauti ya bibi, na pamoja nayo neno lolote ambalo Nashipae aliwahi kusema shuleni.

Ndipo Nashipae aliposema kutoka mlangoni mwa nyumba. Alianza kwa Kimaa akiwa ameinamisha macho kwa baba yake, kisha akarudia kwa Kiswahili ili na sisi tusikie.

"Sauti ya koko itoke. Picha yake itoke. Lakini kazi ya nyumba alinifundisha mimi. Hiyo nitaisema mimi."

 Baba yake akamuuliza, kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yetu, ataisemaje bila kumtaja mwenyewe. Nashipae akasema ataona. Mama yake akacheka kidogo, akajifunika mdomo kwa shuka. Baba akasema haya, watengeneze, atakuja kwenye kikao kusikia. Nashipae atakuja naye, na kama jina litasikika atarudi naye.

Nikauliza, na lisiposikika?

"Tutaona," akasema.

Nashipae ndiye aliyefuta. Alichukua simu mkononi mwa Yusufu na kufanya mwenyewe, sauti kwanza na picha baadaye, na baba yake alikuwa ametazama pembeni, upande wa zizi. Mimi niliumia, nikijua nyumba nyingi zingetoa chochote zibaki na sauti kama ile. Lakini haikuwa sauti ya nyumba yangu.

Baba aliruhusu aje shuleni kwa ajili ya kazi hiyo tu. Kwa hiyo tulianza upya. Nashipae na mama yake walijenga kona mpya ya nyumba, na safari hii mikono iliyopigwa picha ilikuwa ya kwao wawili. Aliweza kuonesha kipimo cha majivu kwenye samadi ili ukuta usipasuke jua likiwaka, na namna ya kupinda fito mbichi ukizisikiliza zisije zikavunjika. Picha alizichora kwanza kwenye karatasi, akazipanga sakafuni, akaziondoa alizoona hazina kazi. Sikushika kifaa hata mara moja, na vidole viliniwasha kweli.

Stooni alirekodi asubuhi nzima, mara kwa Kimaa, mara kwa Kiswahili, akirudia kila alipojisikia amejikwaa. Yusufu alipokuwa anaunganisha, akaniita. Alisema kuna kasoro. Kila hatua inapoanza, pale ambapo bibi alikuwa akijitaja, sauti inakatika kidogo, pengo kama pumzi nzima, kisha inaendelea. Alishataka kuyakata mapengo ili hadithi itiririke. Nashipae alikuwa amekaa juu ya gunia lake.

"Usikate, Mwalimu," akamwambia. "Hapo ndipo alipo."

Yusufu akaondoa kidole kwenye kishikwambi, akaomba samahani, akatoka nje.

Siku ya kikao wazazi walikuja wengi, kwa sababu habari zilishatembea boma kwa boma. Tulifunika madirisha ya darasa kwa shuka, Yusufu akaweka projekta aliyoiazima kwa kaka yake, na ukuta tuliokuwa tumeupaka chokaa ukawa kioo. Baba yake Nashipae hakukaa. Alisimama nyuma, ameegemea fimbo, binti yake kando yake na mkoba wa madaftari begani, bado haijulikani kama utabaki au utaondoka.

Hadithi nyingine zilipita, watu wakacheka na kushangaa. Kisha ikaanza ya Nashipae. Fito zikaonekana ukutani. Sauti yake ikasema, kwa Kimaa: "Hivi ndivyo anavyopinda fito..." na ikanyamaza. Darasa lote likanyamaza nayo. Nilisikia upepo juu ya bati. Sikuthubutu kugeuka nyuma.

Wamasai wakimsikiliza mtu akisimulia huitikia kila anapotua, kumjulisha kwamba wapo, aendelee. Katika kile kimya, kutoka nyuma, nikasikia baba yake akiitikia, taratibu, kama mtu anayejibu aliyeitwa.

"Ee."

Hadithi ikaendelea na samadi na majivu. Likaja pengo la pili. Safari hii waliitikia na akina mama waliokaa mbele, na baada ya hapo kila pengo lilipofika darasa zima lilisema "Ee" kwa pamoja, wazee, vijana na mpishi wetu mlangoni, na Yusufu pale kwenye projekta, asiyejua Kimaa hata chembe. Hakuna aliyetaja jina. Hakuna aliyekuwapo ambaye hakulisikia.

Ilipoisha hawakupiga makofi. Baba yake Nashipae alisafisha koo, akasema kwa Kiswahili, "Rudieni." Tukarudia tangu mwanzo, na akaitikia tena kila mahali.

Mmeniuliza katika miaka yangu yote najivunia nini. Najivunia dakika zile. Nimekaguliwa, nimesifiwa, nimeitwa mbele kwenye sherehe nikapewa kanga, lakini sijawahi kuwa mwalimu kamili kama nilivyokuwa nimesimama kando ya ule ukuta bila kufanya lolote.

Watu walipoanza kutawanyika, baba alikuja kuniaga.  Aliuliza kama mvua imeshanyesha Karatu, nikamjibu bado. Kisha akamtazama binti yake, akamvua mkoba begani, akauweka juu ya dawati la mbele, akatoka, akashuka bondeni peke yake.